Kipunji Ndani ya Kalibu

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kifaa kinachokipa kitu umbo, na ingawa kamusi huyaweka jirani, hayafanyi kazi moja. La kwanza ni kalibu, tulilolipokea kutoka Kiarabu. La pili ni faroma, ambalo wengine hulitamka foroma, tulilolipata kwa Wareno. Aliyelelewa katika nyumba ya pwani anaijua faroma: ni gogo la duara linalovikwa kofia ya kitambaa baada ya kufuliwa, ili isijikunje wala isisinyae. Faroma hukaa ndani, kitu kikaizunguka. Kalibu huzunguka, kitu kikakaa ndani. Anayeniambia kwamba haya ni visawe humwomba aikaushe kofia yake katika kalibu kisha aje nayo barazani.

Lipo na neno la tatu, nalo ni kitenzi. Mafundi wa matofali hawasemi kwamba wanatengeneza tofali, wanafyatua tofali. Kufyatua ni kukiachia ghafla kilichobanwa: mtego, upinde, bunduki. Katika kazi nzima ya tofali, yaani kuchimba udongo, kuukanyaga, kuushindilia katika kibao na kuusawazisha, Kiswahili kimechagua tendo dogo la mwisho, pale kibao kinapoinuliwa na tofali likabaki chini limesimama lenyewe, na kuipa kazi yote jina la tendo hilo. Kujaza hakukuhesabiwa. Kuachia ndiko kulikohesabiwa.

Maneno haya matatu yalinishughulisha mwaka huu hapa Msasani, tulipochukua kalibu ya plasta kutoka kwa kipunji wa udongo aliyefinyangwa na mjomba wangu.

Kwa msomaji wa mbali, Msasani ninayoitaja si ile ya Dar es Salaam yenye rasi na mashua. Ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mahali pa migomba, chai na mvua isiyoomba ruhusa, ambapo Mlima Rungwe, wenye kimo kinachokaribia mita 3,000, huonekana alfajiri na mara nyingi hujifunika kabla ya saa nne. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno. Unaotesha kila kitu, lakini mfinyanzi hauamini sana. Udongo wa vyungu tunavyovitumia hutoka chini, kando ya Ziwa Nyasa, kwa wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao huuzwa Matema na kupandishwa hadi masoko ya Tukuyu. Mjomba alinunua udongo wake kutoka huko, mabonge mawili yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na aliyemuuzia alicheka aliposikia kwamba hautafanywa chungu.

Kipunji ni kima. Ana manyoya marefu ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, uso mweusi, ndevu ndefu za mashavuni, kishungi kilichosimama utosini, na mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Sauti yake si ya ngedere wala ya nyani. Ni kama kubweka na kupiga honi kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Mjomba alizijua sifa hizi zote tangu ujana wake, alipokuwa akiwinda katika msitu wa mlimani, zamani kabla haujawa hifadhi kama ulivyo leo. Alizisimulia, na watu walizipokea kama wanavyopokea masimulizi ya wawindaji, kwa heshima na bila kuamini. Hadithi zetu za msituni zina wanyama wa kweli na wasio wa kweli wanaopita njia moja, na msikilizaji huachiwa kazi ya kuwatenganisha.

Mwaka 2003 watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walianza kumfuatilia kima huyo baada ya kulisikia jina lake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Kundi jingine la watafiti lilimwona katika msitu wa Ndundulu, safu ya Udzungwa, bila ya makundi hayo mawili kujuana. Mwaka 2005 alitangazwa katika jarida la Science kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguzwa kipunji aliyekufa katika mtego uliotegwa shambani, ilionekana kwamba si spishi mpya tu bali ni jenasi mpya, nayo ikaitwa Rungwecebus. Haikuwa imetokea jenasi mpya ya kima hai barani Afrika tangu 1923. Jina lake kamili la kisayansi, Rungwecebus kipunji, lina Kilatini katikati tu. Mwanzoni ni mlima wetu na mwishoni ni neno la wawindaji.

Mjomba alipoelezwa habari hizo aliuliza swali moja: "Mpya kwa nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Sanamu aliianza baada ya kustaafu shughuli za shamba. Alifunga kiunzi cha waya na fito, akakipaka udongo, na kwa majuma mengi akaufanyia kazi jioni, akiufunika usiku kwa nguo mbichi na mfuko wa nailoni. Baridi yetu ya mwezi wa sita ilimsaidia. Udongo ulikaa laini muda mrefu kuliko ambavyo ungekaa Kyela au Mbeya mjini. Kipunji aliketi kwa makalio, mikono imeshika tunda kifuani, kichwa kimeinamishwa kidogo upande, kama anayesikiliza hatua za mtu. Manyoya yalichorwa kwa kijiti cha mwanzi. Mahali pengi, hasa mabegani na mgongoni, yalikuwa ni alama za dole gumba lililovutwa kutoka juu kwenda chini. Kisha, kabla mkia haujakamilika, mjomba alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia ukaacha kumsikiliza.

Basi tukabaki na kiumbe ambaye hakuweza kukaa alivyo. Haya ni mambo ya udongo, si ya huzuni. Udongo ulioshikiliwa na waya na fito hauwezi kuchomwa: ni mnene mno katikati, na maji yaliyofungiwa ndani yakigeuka mvuke huupasua. Wala hauwezi kuachwa ukauke, kwa sababu udongo ukikauka husinyaa, ilhali waya hausinyai, na matokeo yake ni nyufa zinazoanzia kwenye kiunzi na kutokea nje, zikipita shingoni, begani, viganjani. Ungeweza kuendelea kuuloweshea nguo kila usiku, kama tulivyofanya kwa zaidi ya mwezi mmoja, lakini kila kitambaa kinachowekwa na kuondolewa hufuta kidogo. Alama za vidole zilikuwa zimeanza kufifia. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kwa watoto. Hapa ilikuwa inazungumzia udongo.

Njia iliyobaki ilikuwa kalibu ngumu ya plasta, na njia hiyo ina bei yake. Kalibu huhifadhi umbo, lakini udongo wa asili hung'olewa ndani yake kipande kwa kipande. Hakuna namna ya kuwa na vyote viwili.

Ubishi wa nyumbani ulikuwa mkali, na kwa mpenzi wa lugha ulikuwa pia somo la sarufi. Mimi nilisema, "Sanamu itaharibika, lakini umbo litabaki." Mama mkubwa, dada yake mjomba, alisema, "Hicho mwacheni kikauke, kikipasuka kimepasuka. Ni kazi ya mkono wake." Mjomba, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa taabu, alisema, "Mtamuua." Tazama viambishi: mimi nilisema i-, mama mkubwa akasema ki-, mjomba akasema -mu-. Tunafundisha darasani kwamba nomino za ki-vi zinazotaja viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa: kipofu amefika, kiboko ameogelea, kipunji amekula. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu kipunji wa udongo. Sarufi inamwachia msemaji aamue kama kilicho mbele yake kina uhai, na sisi watu watatu tulikuwa tumeamua mara tatu.

Neno kiumbe lenyewe linafanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Kiumbe ni kilichoumbwa. Na kuumba, ambako leo tumemwachia Mungu na washairi, ni kitenzi cha zamani sana cha udongo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Wachewa wanasema kuumba kwa kazi ya mfinyanzi hadi leo. Wabemba wa Zambia wanasema kubumba. Kiswahili ndicho kilichokipandisha kitenzi hicho hadhi, kisha kikajitafutia kingine kwa kazi ya kila siku: kufinyanga, kutoka kufinya. Mfinyanzi wetu hufinya. Hata hivyo udongo haukusahauliwa. Kila tunaposema kiumbe tunataja chungu bila kujua.

Siku nne baadaye mjomba mwenyewe alitoa hukumu. "Fanyeni," alisema, "lakini nikiwa nimekaa hapo."

Fundi alikuwa kijana wa dari. Tusidharau ufundi wa dari. Ndio uliobeba maarifa ya plasta katika miji yetu midogo. Kamusi huita madini yake jasi, nayo huchimbwa nchini, pale Makanya wilayani Same kwa mfano, lakini hakuna duka la vifaa vya ujenzi Tukuyu litakaloelewa ukiomba jasi. Sema jipsamu. Hospitalini kitu hichohicho ni POP, na mtaani aliyevunjika mguu amefungwa hogo. Kwa hiyo fundi alipofika, akamwona kipunji na kusikia shida yetu, alisema kwa furaha, "Mzee, tunamfunga hogo." Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Kazi ya kwanza haikuwa ya mikono bali ya macho. Kalibu ngumu haijipindi. Ikishika mahali palipojikunja kwa ndani, kama chini ya kidevu au kwapani, haitatoka bila kuvunja kitu; ama yenyewe, ama kilichomo. Kwa hiyo unaizunguka sanamu ukitafuta mstari wa mgawanyo, njia ambayo kila kipande cha kalibu kitaweza kuvutwa moja kwa moja bila kuzuiwa. Nilitafuta neno la mahali hapo panapozuia. Fundi alisema "kona mbaya". Mimi nilipendekeza "mnaso". Mjomba alinyoosha mkono wake mzima, akagusa chini ya kidevu cha kipunji, akasema, "Hili tanzi." Kisha akagusa nafasi kati ya kiwiko na ubavu: "Na hili." Mwindaji anajua mahali ambapo kitu huingia na kisitoke. Tangu hapo tulisema tanzi, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Tulihesabu matanzi sita. Mkia, ambao ungeleta mengine mengi, tulikubaliana kuukata na kuutengenezea kalibu yake pembeni. Kiwiliwili kiligawanywa vipande vitano: mgongo, mbele, pande mbili za kichwa, na kipande kidogo kisichozidi kiganja cha mtoto kwa ajili ya kidevu peke yake. Fundi alitaka tuzibe tundu la kiwiko kwa udongo, kazi iwe rahisi. Mjomba alikataa kwa kutikisa kichwa tu. Basi kipande cha mgongo na kipande cha mbele vilikutanishwa ndani ya tundu lenyewe, kimoja kikiingia kutoka nyuma na kingine kutoka mbele, kama majirani wanaopeana kaa la moto kupitia uwazi wa ukuta.

Plasta ina adabu zake. Huweki maji katika unga; unachekecha unga katika maji, kidogo kidogo, mpaka vijisiwa vya unga vianze kubaki juu bila kuzama haraka. Unauacha dakika mbili unywe. Kisha unakoroga kwa mkono uliozama chini, polepole, ili usiingize hewa, kwa sababu povu moja likikaa mbele ya jicho, kila nakala itatoka na chunusi. Kadiri ya kilo moja na nusu ya unga kwa lita moja ya maji hutoa uji unaofaa. Tabaka la kwanza ni jepesi kama maziwa, nalo hurushwa kwa ncha za vidole, au hupulizwa ili liingie katika kila mchoro wa unyoya. Tabaka la pili ni zito, na ndani yake fundi alichanganya nyuzi za katani, kama afanyavyo katika dari, ili kalibu isipasuke. Tulijenga kuta ndogo za udongo kuzunguka eneo la kipande cha kwanza, tukapaka plasta, ikashika, tukaondoa kuta, tukachonga vishimo vya duara pembezoni ili vipande vijue mahali pa kukaliana, tukapaka maji mazito ya sabuni ya mche ili plasta mpya isigandane na ya zamani, kisha tukaenda kipande cha pili. Hivyo hadi cha tano. Sabuni ikisahaulika, hakuna kalibu, kuna jiwe.

Kuna jambo ambalo picha haiwezi kukuonyesha: plasta ikishika hupata joto. Jasi ilipookwa kiwandani ilipoteza robo tatu ya maji yake. Sasa inayarudisha, na katika kuyarudisha hutoa joto. Katika tabaka nene joto hilo huweza kuunguza mkono, na mtoto asiachiwe kamwe kuuzamisha wake humo kwa mchezo. Kwetu lilikuwa joto la kiasi. Mjomba aliweka kiganja cha kushoto juu ya mgongo mweupe uliokuwa umemfunika kipunji na kukiacha hapo muda mrefu. "Ana homa," alisema.

Msomaji mshairi atakuwa ameshaona ninakoelekea, na huenda angependa nisifike. Lakini tangu 1954, Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na hasa tangu 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, tumekuwa na ugomvi juu ya kalibu bila wengi wetu kuwahi kuishika. Upande mmoja umeiita mizani. Upande wa pili umeiita gereza. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya kalibu halisi, plasta imenijaa kucha, niliona kwamba pande zote mbili huanza hadithi katikati. Kalibu haizaliwi kwanza. Kiumbe ndiye anayetangulia, laini, akiwa na kila tanzi alilopenda. Kalibu huchukuliwa kwake. Mizani 8 kwa 8 hazikushuka kutoka kwa sheria. Watu waliimba, wakarudia, na siku moja mtu akachukua umbo la kile kilichokuwa kikirudiwa.

Kwa hiyo naweza kuwaelewa wanamapokeo wanapoitetea kalibu: wanatetea kiumbe wa kwanza, ambaye hawana kumbukumbu nyingine yake. Nisichoweza kukitetea ni tabia yetu mbele ya tanzi. Neno likigoma kutoka, tunalikata kwa inkisari, tunalirefusha kwa mazida, tunaipindua sentensi mpaka sarufi ilie. Hiyo ni sawa na kukata kidevu cha kipunji ili kalibu ifunguke. Wazee waliosuka kituo cha ubeti kikawa kifupi, tukakiita msuko, na wale waliochanganya bahari katika shairi moja, tukaliita sakarani, hawakukata kidevu. Waliongeza kipande katika kalibu. Ndio walionishawishi. Na kwa anayesema tuivunje kalibu yote, nitamwambia kwamba ufundi huu unayo hata hiyo: kalibu ya kuvunjwa, ambayo hutumika mara moja tu. Unajaza, inashika, unaipasua kwa patasi, nakala inatoka ikiwa na matanzi yake yote. Ni njia yenye heshima. Ila hutapata nakala ya pili.

Tulifungua siku ya tatu. Fundi aligonga kabari ndogo za mti katika mishono, akamwagia maji kidogo, akangoja. Kipande cha mgongo kilitoka kwanza, na sauti yake ilikuwa kama ya busu. Kikaja cha mbele, zikaja pande za kichwa. Kidevu kilibaki kimeshika, kisha kikaangukia mkononi mwangu. Nyuma yao udongo ulikuwa tayari umevurugika: nusu ya uso imebaki katika plasta, bega limeng'oka, waya umetokeza. Tuliutoa uliobaki kwa vijiti na vidole, tukauweka katika ndoo. Mama mkubwa hakuingia uani asubuhi hiyo.

Ndani ya kalibu tupu kila kitu kimegeuka. Mfereji umekuwa tuta. Alama ya dole gumba iliyokuwa shimo imekuwa uvimbe. Jicho lililochomoza limekuwa bakuli. Na bado, ukisimama hatua tatu mbali, macho hukataa kuamini hivyo: uso ulio bonde unauona ni uso unaotokeza, na ukitembea huku na huku unakufuata. Mtoto wa jirani alikimbia. Mjomba aliletewa kipande cha bega. Hakukitazama, alipitisha vidole vya mkono mzima juu ya vituta vile, kimoja baada ya kingine, taratibu, akakirudisha.

Hatukuwa wa kwanza nchini kusoma umbo kwa namna hii. Kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, viumbe waliotembea kwa miguu miwili walikanyaga majivu ya volkeno yaliyoloweshwa na mvua, majivu yakashika kama plasta, na miaka milioni 3.6 baadaye, mwaka 1978, kikundi cha Mary Leakey kilizikuta nyayo zao. Kalibu hiyo ilijifanya yenyewe. Nyayo zilichukuliwa nakala na kisha kufukiwa tena ili zisiharibike, hivyo anayekwenda makumbusho ya Olduvai huona nakala. Na yule askari wa shaba nyeusi aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 alisubiwa London. Alifika hapa akiwa ametoka ndani ya kalibu, na hakuna anayeuliza udongo wake wa kwanza ulikwenda wapi. Kusubu, kwa njia, ni kitenzi kizuri kinacholala bure. Ni kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Tusikiache kwa wahunzi peke yao.

Kalibu ilibidi ikauke, na hapa Tukuyu ikawa mtihani. Huwezi kuiharakisha kwenye moto, maana plasta ikipata joto kali hurudi kuwa unga. Tuliipanga darini jikoni, mbali na moshi mzito, majuma mawili. Kisha kazi ikarudi kwa udongo. Safari hii hatukuweka kiunzi. Udongo ulishindiliwa katika kila kipande kwa unene wa kidole, kingo zikapakwa uji wa udongo, vipande vikakutanishwa na kufungwa kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Plasta kavu ina kiu. Inafyonza maji ya udongo, udongo unasinyaa kidogo, unajitenga wenyewe na ukuta. Kesho yake unafungua. Nilimsikia fundi akimwita mwenzake upande wa pili wa ua: "Njoo, tunamfyatua."

Tulipata wanne katika mwezi mmoja. Ndani ni watupu, hivyo huweza kuchomwa, na jirani mwenye tanuri la matofali alitukubalia tuwapange katikati ya tofali zake. Watatu walitoka salama. Mmoja alipasuka mgongo. Wawili wameahidiwa shule mbili za msingi za hapa karibu, ambazo wanafunzi wake huuona mlima kila siku na kipunji hawajawahi kumwona.

Asili ilikuwa na kimo cha sentimita 41 kutoka kitako hadi kishungi. Nakala iliyochomwa ina sentimita 37. Udongo hutoza kodi mara mbili, unapokauka na unapochomwa, na kalibu haiwezi kuizuia. Mama mkubwa aliipokea nakala ya kwanza kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama chini ya kidevu. "Huyu mdogo," alisema, na sikumwambia chochote juu ya kiambishi.

Mjomba alitaka awekewe mapajani. Aliutafuta bega la kushoto, mahali ambapo dole gumba lake lilivutwa kutoka juu kwenda chini, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akalileta dole gumba mpaka kwenye alama. Halikuingia. Alijaribu tena, akilisukuma kwa upande.

"Kidole cha mtoto," alisema, kisha akatuuliza mkia tumeuweka wapi.